Banda la Madame Haycraft

Laurentine ndiye aliyemwambia Madame Haycraft kwamba mumewe ni fundi wa mbao. Hakuwa amepanga kusema. Ilikuwa asubuhi ya Aprili mwaka 2015, anamvisha soksi yule mama mzee kama alivyofanya kila siku ya kazi, naye Madame anatazama nje ya dirisha na kunung'unika.

Nyumba yenyewe ilikuwa nje kidogo ya Louisville, ya matofali mekundu, iliyojengwa na ukoo wa marehemu mumewe kabla Wamarekani hawajapigana vita vyao wenyewe kwa wenyewe. Nyuma yake palisimama majengo mawili ya mbao: banda kubwa la farasi lenye ghorofa ya kuwekea nyasi kavu, na ubavuni mwake nyumba ndogo ambamo zamani waliegesha magari ya kukokotwa na farasi. Paa la banda lilikuwa limebonyea katikati. Milango ya ile nyumba ndogo ilining'inia kila mmoja kwa bawaba moja. Mafundi wawili wa Kimarekani walishakuja kuangalia. Wa kwanza alisema heri yabomolewe yote. Wa pili alisema ni kazi ya mwaka na nusu, kwa kuwa watu wa mji wanaolinda majengo ya kale hawakuruhusu sura yake ibadilike hata kidogo. Na Madame alitaka mjukuu wake aolewe mle ndani mwezi wa Septemba.

"Siku hizi hakuna anayejua kuunga mti na mti," Madame akasema.

"Mume wangu anajua," Laurentine akajibu.

Ilikuwa kweli. Cubaka alifundishwa na mabruda wa misioni kule Walungu, Kongo, akajua kuchonga ulimi wa mti na tundu lake vikaingiana bila msumari hata mmoja. Vita vikamtoa kwao, akakaa miaka minane katika kambi ya Nakivale, Uganda, akitengeneza vitanda na majeneza. Tangu walipofika Amerika, mwaka 2013, kazi yake ilikuwa kusukuma maboksi katika bohari kubwa karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa anakwenda, anarudi, anakula, analala. Kanisani alianza kukaa viti vya nyuma. Kuna wiki Laurentine alihesabu maneno aliyomwambia mumewe na maneno aliyojibiwa, akaacha kuhesabu.

Yeye mwenyewe hakuwa na shida ya maneno. Kambini alikuwa mkalimani wa zahanati, na kule Highview walikokaa, katika majumba ya kupanga yaliyojaa Wakongo, hakuna aliyekijua Kiingereza kumpita. Ni yeye aliyewasomea watu barua za hospitali, ni yeye aliyewasindikiza shuleni mwalimu akiwaita. Na alikuwa na namna yake. Mama akimtukana mwalimu, Laurentine alisema kwa Kiingereza kwamba mama anaomba subira. Daktari akifoka, Laurentine alisema kwa Kiswahili kwamba daktari anasikitika. Watu walirudi nyumbani bila ugomvi, wakamsifu. Aliamini ndiyo kazi ya mkalimani hiyo, kupooza chakula kabla ya kumlisha mtu.

Cubaka alikuja kuliona banda siku ya Jumamosi. Alizunguka, akapapasa nguzo, akapanda ngazi, akashuka na utando wa buibui kichwani. Kisha akamshika mkewe mkono, akamwonyesha pale boriti zilipokutana. Palikuwa na mikato midogo ya patasi, alama kama vijiti, mbili hapa, tatu pale.

"Waona? Kila mti na namba yake," akasema. "Walichongea chini, kisha wakapandisha na kuunganisha. Ni vile vile mabruda walitufundisha. Muulize ni nani walijenga."

Laurentine akauliza. Madame akasema hajui majina yao; walikuwa watu wa shambani, wa enzi zile. Akaangalia pembeni; neno watumwa hakulitaja.

Basi kazi ikaanza. Mwanzoni Cubaka alikuja Jumamosi tu, na Mirindi akimsaidia. Mirindi alikuwa mdogo wake Laurentine, kijana wa miaka ishirini na minne, mcheshi, ambaye mama yao alimkabidhi kwa dada yake siku walipopanda basi kutoka kambini, kwa kuwa faili la mama lilikuwa bado halijapita. Mwezi wa sita Cubaka akaacha kazi ya bohari. Alinunua patasi nne na nyundo ya mti, akazinoa mezani huku binti yao Gracieuse, mwenye miaka tisa, akimuuliza maswali kwa Kiingereza naye akimjibu kwa Kiswahili, na wote wawili wakielewana kwa namna yao.

Na Cubaka akaanza kuimba. Laurentine alimsikia kwanza akiwa jikoni kwa Madame, anakatakata viazi. Sauti ilitoka kule bandani, wimbo wa zamani wa kwaya ya Walungu, ule wa besi. Kisu kikasimama mkononi. Huyu ndiye mwanamume aliyemposa, na alikuwa hajamwona tangu Nakivale.

Ikaja Jumamosi moja ya Julai. Cubaka akamwita mkewe atoke nje. Alikuwa amesimama ndani ya banda, kwenye pembe ya kaskazini, na uso wake ulikuwa umekaza.

"Sikia," akasema, akagonga nguzo ya pembe kwa nyundo. Ilitoa sauti butu, kama unagonga boga. Kisha akaweka ncha ya patasi kwenye mti na kusukuma kwa kiganja tu. Chuma kikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, unga wa kahawia ukamwagika juu ya kiatu chake.

"Mama Gracieuse, hii nguzo imeisha. Inje iko mzima, ndani ni unga, kutoka chini mpaka kupita kichwa changu. Na ni yenyewe inabeba boriti ya ghorofa." Akajifuta jasho. "Bon. Twende umwambie Madame. Na usipunguze neno. Ghorofani asipande mtu, hata mimi sipandi tena. Itabidi niinue pembe yote kwa jeki, nitafute mwaloni mzima, niuchonge. Miezi mitatu, labda minne. Donc harusi humu ndani mwaka huu haiwezekani. Akitaka kunifukuza, anifukuze, lakini mlango ufungwe."

Madame alikuwa kibarazani, amekaa na kile kigari chake cha kutembelea mbele ya magoti. Wote wawili wakasimama chini ya ngazi. Cubaka akarudia maneno yake taratibu, kwa mafungu, ili mkewe apate nafasi ya kuyageuza.

Laurentine akafungua mdomo. Hapo hapo akakumbuka maneno ya Madame ya wiki iliyopita, kwamba kama Septemba itapita, ataacha mwanawe alete mashine ya kubomolea, amechoka kubishana naye. Akaiona ile mashine ikilisukuma banda. Akamwona mumewe amerudi bohari, anakula, analala.

"Anasema nguzo moja ya kaskazini imechoka kidogo," akasema kwa Kiingereza. "Ataitia nguvu. Mengine yanaendelea vizuri."

"Na Septemba?"

"Septemba itakuwa tayari."

Madame akacheka, akamwinulia Cubaka kidole gumba. Cubaka akamgeukia mkewe. "Anacheka? Amesema nini?"

"Amekusikia. Harusi itafanyika uani, chini ya hema. Anaomba umalize kwanza ile nyumba ndogo na milango yake, ndiyo itaonekana kwenye picha. Nguzo utaanza mwezi wa kumi."

"Na ghorofa?"

"Hapandi mtu."

Cubaka akatikisa kichwa, akaridhika. "Ni mama mwenye akili," akasema.

Siku hiyo hiyo alisimamisha miti miwili minene chini ya boriti, ya kushikilia kwa muda. Alimweleza Mirindi kwamba ile itabeba uzito wa paa tu, si wa watu, na kumwonya asithubutu kupanda. Kisha akahamia kwenye nyumba ndogo.

Laurentine alijiambia atatafuta siku nzuri. Angemwambia Madame mapema, yakiwa yamebaki majuma mengi, kwamba hema uani lingependeza zaidi. Jumatatu Madame alikuwa anaumwa. Jumatano mjukuu alikuja na vitambaa vya kupamba, akazunguka bandani akipiga makofi kwa furaha. Wiki iliyofuata kadi zikachapishwa. Kila siku nzuri ilipopita, siku iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi. Na mumewe alikuwa anaimba.

Viti vililetwa Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili Agosti, mchana, viti mia mbili vya mbao vya kukunja, vikashushwa mbele ya banda. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa mtoni. Ndani ya nyumba ndogo Cubaka alikuwa anaranda mlango wa mwisho kwa mashine ya umeme, na mngurumo wake ulimeza kila sauti.

Mirindi akaja mlangoni mwa jikoni, jasho linamtiririka. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilimtosha kuelewa alichoagizwa.

"Yaya," akamwita, kama walivyomwita dada mkubwa kwao, "Madame anataka tupandishe viti juu, kwa ghorofa, ili chini kufagiliwe. Shemeji alisema juu hapana."

Madame alikuwa mezani, anasubiri dawa zake. "Anasema nini?" akauliza.

"Anauliza kama ni viti vyote."

"Vyote. Kwani kuna shida?"

Miaka mingi baadaye huenda mtu angesema kwamba Laurentine hakuwa na muda wa kufikiri. Alikuwa nao. Mvua ilikuwa bado, Madame alikuwa amemwangalia kwa utulivu, mdogo wake amesimama mlangoni anajipepea kwa kofia. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini neno hilo lingevuta la Julai, na la Julai lingevuta yote, na mumewe angelisikia.

"Hakuna shida," akamwambia Madame. Kisha akamgeukia Mirindi. "Pandisha kidogo kidogo. Vipange karibu na ngazi, usifike kule pembeni."

"Na shemeji?"

"Nitamwambia mimi."

Mirindi akavaa kofia yake, akaenda. Huyu dada alimbeba mgongoni walipokimbia vita vya kwanza, yeye akiwa mtoto wa miaka mitano; hakuwa na mazoea ya kumuuliza mara mbili.

Laurentine akampa Madame dawa, akampa maji, akasuuza glasi. Alikuwa anajifuta mikono ili aende kwa Cubaka. Kwanza akasikia mlio mrefu, kama mti unaoangushwa msituni ukijinyonga kwenye kisiki. Halafu kishindo, na sakafu ya jikoni ikatetemeka chini ya miguu yake.

Alipofika nje, pembe ya kaskazini haikuwepo. Paa lilikuwa limeinama mpaka karibu na nyasi, na vumbi la rangi ya kahawia lilikuwa linatoka kila upenyo. Mashine ya kuranda ilikuwa bado inanguruma yenyewe kwenye nyumba ndogo. Cubaka ameitupa chini na kukimbia. Alikuwa ameshaingia chini ya boriti na jeki, anaita, "Mirindi! Mirindi, jibu!" Laurentine akaingia naye. Walivuta viti, mbao, viti tena. Walimkuta amelala kifudifudi, kofia ingali kichwani, na boriti imelala juu ya kiuno chake. Alikuwa anapumua. Macho yake yalimwona dada yake.

"Sikufika pembeni, yaya," akasema.

Alikufa ndani ya gari la wagonjwa, kabla hawajafika mjini.

Siku ya tatu akaja mtu wa serikali anayeshughulikia ajali za kazini, bwana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Walikaa jikoni kwa Madame, wanne. Cubaka hakuwa amelala. Siku zote tatu alikuwa amesema jambo moja kwa kila aliyekuja msibani: nilimwambia yule mama, nilimwambia, na bado akampandisha mtoto wa watu. Laurentine alikuwa akiyasikia kutoka chumba kingine, kati ya wanawake, na hakutoka.

Yule bwana alisema kanuni hazimruhusu kumtumia ndugu kutafsiri. Akaweka simu katikati ya meza, ikatoka sauti ya mwanamke.

"Hamjambo. Ninaitwa Nyanchama, ni mkalimani, niko Columbus. Nitasema kila kitakachosemwa kama kilivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Tafadhali mzungumze kwa mafungu."

Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya, kimenyooka, hakina joto wala baridi.

Cubaka akainamia simu. "Mwambie huyu bwana, mwezi wa saba nilimwambia Madame hii nguzo imeoza. Nilimwambia ghorofani asipande mtu. Nilimwambia harusi haiwezekani. Mke wangu alitafsiri, yuko hapa, atashuhudia."

Sauti ikasema hayo kwa Kiingereza, neno kwa neno. Laurentine aliyasikia maneno ya mumewe kwa mara ya kwanza yakivuka yakiwa mazima. Madame akasema kwa muda, akaanza kulia.

"Anasema," ikasema sauti, "sikuambiwa hivyo. Niliambiwa nguzo imechoka kidogo na kwamba Septemba kila kitu kitakuwa tayari. Anasema, Laurentine ndiye aliyeniambia. Anasema, siku ya viti niliuliza kama kuna shida, Laurentine akasema hakuna shida. Anasema, Mungu wangu, ningejua nisingempandisha kijana yule."

Cubaka hakuinua kichwa. "Rudia," akasema.

Sauti ikarudia, maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule.

Yule bwana wa serikali akamtazama Laurentine, akauliza, na sauti ikamletea swali kwa Kiswahili ingawa hakulihitaji. "Mama, ni kweli?"

"Ni kweli," Laurentine akasema.

Cubaka alibaki ameinama juu ya ile simu. Mwishowe akasema, polepole, "Mwambie sina maneno mengine." Na sauti ikayasema hayo pia.

Walipofika Highview, Cubaka alizima injini, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mama yako ulimwambia nini?"

"Kwamba alianguka kazini. Kwamba mbao ziliteleza."

"Mpigie."

"Papa Gracieuse, tafadhali..."

"Mpigie sasa, mbele yangu."

Kule Nakivale ilikuwa jioni. Mama akapokea, nyuma yake watu wa msiba wanaimba. Laurentine akasema yote, kuanzia Julai. Hakulia, alihofia akilia atapunguza kitu. Alipomaliza, mama hakupiga kelele.

"Nilimkabidhi kwako," mama akasema. Kisha simu ikakatika, na tangu siku hiyo mama hakupokea tena namba ile.

Walimzika Mirindi siku ya Jumamosi. Mchungaji Ezéchias alihubiri juu ya msamaha, na baada ya ibada aliwaketisha mume na mke ofisini kwake, akawashikanisha mikono, akaomba. Cubaka aliuacha mkono wake pale mpaka amina, kwa heshima ya mchungaji. Hakushtakiwa mtu. Barua ya serikali ilisema ni ajali, ikataja nguzo, boriti na uzito wa viti. Mjukuu aliolewa hotelini. Madame alihamia kwa mwanawe, na kabla ya kuondoka alimwita Laurentine, akamkumbatia mlangoni. Wiki iliyofuata mashine ikaja, na watu wa mji hawakuzuia tena. Ilibomoa banda kwa asubuhi moja, na nyumba ndogo pia, pamoja na milango mipya ya mwaloni ambayo Cubaka aliiunga bila msumari.

Mwezi wa kumi Cubaka akakunja nguo zake kwenye begi, akambusu Gracieuse kichwani, akaenda Buffalo kwa binamu yake Bagula. Hakumtukana mkewe. Hakumpiga. Tangu msiba alimjibu tu alipoulizwa, ndiyo, hapana, asante, kama mpangaji. Laurentine alitamani amfokee angalau mara moja.

Highview nayo ikabadilika. Hakuna aliyemsema waziwazi. Asubuhi moja Mama Kamanzi wa ghorofa ya chini alipanda na bahasha ya hospitali, kama alivyozoea. Laurentine akafungua mlango, akanyoosha mkono. Mama Kamanzi akaitazama bahasha, akamtazama yeye, akairudisha ndani ya mkoba. "Bon, nilikuja kukusalimia tu," akasema, akashuka ngazi.

Kabla ya Krismasi Laurentine akahamia Columbus na mtoto, kwa Veridiana, rafiki yake wa tangu kambini, aliyepanga vyumba viwili kule Whitehall. Alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Walipogundua lugha anazozijua, msimamizi akamuuliza kama angependa kufanya ukalimani, kuna uhitaji mkubwa. Laurentine akasema hapana, hajui vizuri. Msimamizi akashangaa, maana alisema hivyo kwa Kiingereza safi.

Februari Laurentine akapanda basi kwenda Buffalo. Hakuwa amealikwa, alimwambia Bagula tu, naye Bagula akasema njoo, labda. Safari ilimaliza siku nzima. Theluji ilifika magotini, na nyumba ya Bagula, ya mbao, nyembamba, ilikuwa imefukiwa mpaka madirishani. Cubaka ndiye aliyefungua. Alikuwa amekonda. Akampokea begi, akamkalisha karibu na kipasha joto, akachemsha chai, akaweka maziwa na sukari mbili kama anavyopenda.

Alifanya kazi katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Dawa za kufulia zilikuwa zimempasua vidole. Laurentine akaviangalia.

"Patasi zako ziko wapi?" akauliza.

"Sijui. Nadhani zilibaki kule."

Wakanywa chai. Bagula alikuwa ametoka makusudi.

"Watu wanafikiri nakuchukia," Cubaka akasema mwishowe. "Sikuchukii. Nimejaribu, ingekuwa rahisi. Lakini sikia. Mimi hapa Amerika sina Kiingereza, sina ukoo, sina cheo. Nilikuwa na wewe. Chochote nilichotaka kusema kwa mtu yeyote kilipita kwako. Nilikuambia usipunguze neno."

"Nilikusikia ukiimba," Laurentine akasema. "Nilitaka uendelee kuimba. Sikuwa na sababu nyingine, nakuapia."

Cubaka alilifikiria hilo. Aliligeuzageuza kama anavyogeuza ubao kutafuta upande wa kuranda.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana siwezi. Ungekuwa ulifanya kwa ubaya, ningesema alikuwa mbaya, basi. Ulifanya kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa kule ndani naranda mlango wa watu wa kupigia picha, naimba, na mtoto anapanda." Akageuza kikombe mezani. "Sasa ukisema ni asubuhi, mimi nakwenda dirishani kuangalia. Mtu hawezi kuishi hivyo na mke wake. Nitachoka mimi, utachoka wewe."

"Hata baadaye?"

"Nitampigia simu mtoto kila Jumapili. Nitamtumia kitu akihitaji."

"Na mimi?"

Cubaka akainuka, akachukua vikombe, akavisuuza kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji. Kisha akavaa koti, akachukua begi la mkewe, akamsindikiza kwenye basi la usiku. Njiani alitembea mbele ili afungue njia kwenye theluji, akigeuka mara kwa mara kuona kama hajateleza. Kituoni akangoja naye mpaka basi likaja. Alimpa begi. Laurentine akafikiri atamshika mkono, naye labda alifikiri hivyo pia, maana mkono uliinuka kidogo. Lakini abiria wa nyuma alikuwa anasukuma, Laurentine akapanda.

Basi lilipita Cleveland, likashuka kusini, na theluji ikapungua ikawa matope kando ya barabara. Aliwaza sauti ya yule mwanamke wa kwenye simu, ambaye huenda alikuwa anaishi mtaa wa pili tu kutoka Whitehall, ambaye siku ile alikata simu akapokea nyingine. Hakumchukia. Alitamani tu mwanamke yule ndiye angesimama chini ya kibaraza mwezi wa saba.

Ilikuwa mchana wa Jumapili alipofungua mlango wa Veridiana. Harufu ya maharagwe ilijaa nyumba. Gracieuse alikuwa sakafuni na vitabu vya shule. Akainua kichwa na kuuliza kwa Kiingereza kama Papa anakuja.

"Haji," Laurentine akamjibu.

"Mwezi ujao?"

"Haji, mwanangu. Hatarudi."

Mtoto akamwangalia, akasubiri kama kuna neno jingine. Halikuwepo. Akainamia daftari lake, akaendelea kuandika, kalamu ikikwaruza kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika.

"Vua koti basi, ukae," Veridiana akasema kutoka jikoni. "Chakula kimeiva."

Laurentine alisimama pale pale mlangoni. Theluji aliyoikanyaga kutoka kituoni ilikuwa inayeyuka viatuni, inalowesha zulia la watu. Alitafuta zipu ya koti kwa vidole, akaishika, akaivuta, ikakwama, akaendelea kuivuta.